Ukuta umeanguka? Umeua wangapi?

Kila ikifika Novemba, mazungumzo ya kahawa kazini kwangu hapa Dresden, Ujerumani, huwa yale yale: ulikuwa wapi usiku ule ukuta wa Berlin, uliotenganisha Ujerumani Mashariki na Magharibi mjini humo, ulipofunguliwa? Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na zamu ya asubuhi ina mapumziko mafupi tu, lakini swali hilo linatosha kuyamaliza. Mmoja alikuwa amelala, mumewe akamwamsha. Mwingine alikuwa mtoto wa miaka sita, akabebwa begani kwenda kuona watu wanalia barabarani. Mwaka juzi zamu ya kujibu ikanifikia. Nikasema ukweli: nilikuwa darasa la kwanza Nachingwea, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwalimu alitutangazia mstarini kwamba ukuta wa Berlin umeanguka, nasi tukauliza umeua wangapi.

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ila nikawaeleza kwamba swali letu lilikuwa na akili zake. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa za miti na udongo. Masika yaliyotangulia yalikuwa yameangusha ukuta wa jirani usiku, ukamlalia mbuzi wake na watoto wawili wa mbuzi. Kwetu ukuta ukianguka, cha kwanza unaulizia waliokuwa ndani. Mwalimu, ambaye nadhani alizisikia habari hizo usiku kwenye redio, alifikiri kidogo akasema, "Hakuna aliyekufa." Tukapiga makofi, tukaingia darasani.

Hiyo ndiyo 9 Novemba 1989 yangu. Lakini siyo kumbukumbu yangu ya kwanza ya jambo kubwa la dunia. Ya kwanza ni ya miaka mitatu kabla, na hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikuwa na miaka mitano. Bibi alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka tulizianika juani kwenye mkeka mmoja na makopa, tukizigeuza kama tunavyogeuza mihogo. Kazi ya kuzilinda ilikuwa yangu, maana kuku walikuwa wanazidonoa. Siku hiyo, Jumatatu ya 20 Oktoba 1986, Bibi alizichukua kabla hazijapata jua la kutosha. Redio ikakoroma, ikapotea, ikarudi. Nikasikia jina Samora. Bibi akakaa chini na miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wanawake msibani, na majirani wakaanza kuja bila kuitwa.

Ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji ilikuwa imeanguka usiku uliotangulia, Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini karibu kabisa na mpaka, akitoka kwenye mkutano Zambia. Nani au nini kiliiangusha, watu wanabishana mpaka leo. Sisi hatukuwa tunabishana. Kwa watu wa Nachingwea huyo hakuwa rais wa nchi ya jirani. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo pale kwetu, Farm 17, kwenye mashamba yaliyoachwa na Waingereza baada ya mradi wao wa karanga kufa. Samora aliishi pale, alifundisha pale, na mwaka 1975 akaanzia kwetu kusini safari yake ya kuvuka mto Ruvuma kwenda kupokea uhuru Maputo. Bibi alikuwa akiwauzia vijana wa kambini mihogo na ndizi. Mmoja wao alimwachia sahani ya bati yenye maua mekundu alipokuwa anaondoka, akasema ataifuata.

Kwa hiyo mimi, kwa akili ya miaka mitano, nilielewa kwamba aliyekufa ni mwenye sahani. Nililia kweli. Halafu, nisifiche, nikafurahi kidogo, kwamba sasa hakuna wa kuja kuichukua.

Wenzangu hapa hukumbuka kwa macho. Wana picha. Na kila mwaka televisheni inawarudishia zile zile: watu juu ya ukuta, nyundo, magari madogo ya Trabant yakipita katikati ya shangwe. Nina wasiwasi kwamba wengine siku hizi wanakumbuka televisheni kuliko walichokiona. Sisi tulikumbuka kwa masikio. Tanzania Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na hata baada ya hapo kwetu kilichelewa. Picha ya ukuta wa Berlin niliiona nikiwa mkubwa, kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, na nilisikitika. Ule wangu ulikuwa mrefu zaidi.

Sisemi yetu ilikuwa bora. Redio ya nchi ilikuwa moja, ya serikali, na isichosema hatukujua. Masika barabara ya kwenda Dar ilikatika Rufiji, gazeti likitufikia habari yake imeshazeeka. Lakini mzee mmoja ninayemhudumia aliniambia jambo lililonifanya nijione niko kwetu. Zamani za Ujerumani Mashariki, karibu nchi nzima ilinasa kwa siri televisheni ya Ujerumani Magharibi, isipokuwa sehemu chache kama Dresden, maana mawimbi hayakufika huku bondeni. Wenzao wakawa wanawaita watu wa bonde la wasio na habari. Nikamwambia, baba, hata sisi watu wa kusini tumeitwa hivyo sana.

Ninachobishana nacho ni ile imani kwamba tukio likitokea kwao ni la dunia, likitokea kwetu ni la kwetu. Angalieni ukuta huo huo. Kuanzia mwaka 1979, kwa mkataba kati ya serikali ya Samora na Ujerumani Mashariki, maelfu ya vijana wa Msumbiji walikuja kufanya kazi viwandani huku. Ukuta ulipofunguliwa viwanda vikafungwa, wengi wakarudishwa kwao. Sehemu ya mishahara yao ilikuwa imekatwa kwa ahadi kwamba watalipwa nyumbani, na Maputo wameiandamania kwa miaka mingi. Mmoja wa waliobaki, Jorge Gomondai, alishambuliwa na vijana wabaguzi ndani ya tramu hapa Dresden, Pasaka ya 1991, akafa siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 28. Kuna uwanja mdogo wenye jina lake, na tramu yangu inapita karibu.

Niliposhuka pale mara ya kwanza nikasoma kibao, nilikumbuka swali letu la mstarini. Mwalimu alisema hakuna aliyekufa.

Ila na nyumbani tusijisifu. Likizo iliyopita nilimuuliza mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, Samora ni nani. Akanijibu kwamba ni barabara iko Dar es Salaam. Anajua kila goli la ligi ya Uingereza na dakika yake. Farm 17 anaijua kama shule. Sikumlaumu, nani alimwambia? Wanaojua wanasubiri kuulizwa, na simu ya mkononi haiwaulizi.

Nikampeleka kwa mama, nikaomba aletewe ile sahani. Ilikuwa imefunika mtungi wa maji. Maua yamebaki mawili na nusu, ukingo umekula kutu. Akaigeuzageuza, akauliza, "Mjomba, kwa hiyo mwenyewe hakurudi?" Mama akamwambia airudishe haraka, mdudu asije akaingia kwenye maji.