Urusi si Putin peke yake

Kila mjadala wa Urusi kwetu unaishia palepale, upande mmoja unasema Putin ndiye mwanaume pekee aliyeweza kumwambia Mmarekani hapana, upande wa pili unasema ni dikteta anayetaka kurudisha Sovieti, na ukiwasikiliza vizuri wote wanamwongelea mtu mmoja tu, nchi ya watu zaidi ya milioni 140 haimo kabisa kwenye maongezi. Mimi naona hapo ndipo tunapopotea.

Tuanze na NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, maana ndiyo hoja inayopendwa sana huku. Ina uzito, tusidanganyane. 1999 waliingia Poland, Hungary na Czech, 2004 zikaingia nchi saba kwa mpigo zikiwemo Estonia, Latvia na Lithuania ambazo zilikuwa ndani ya Sovieti yenyewe, halafu Aprili 2008 kwenye mkutano wa Bucharest wakatamka kwamba Ukraine na Georgia nazo zitakuja kuwa wanachama, lini hawakusema. Mwaka huohuo William Burns, balozi wa Marekani Moscow, alishawaandikia wakubwa wake kwamba Ukraine kuingia NATO ni mstari mwekundu kuliko yote kwa viongozi wa Urusi, na si kwa Putin peke yake. Kwahiyo anayesema Mrusi alichokozwa hajatunga.

Lakini sasa njoo Finland. Aprili 2023 ikajiunga, na mpaka wake na Urusi ni zaidi ya kilomita 1,300, yaani mpaka wa NATO na Urusi uliongezeka zaidi ya mara mbili kwa siku moja, tena karibu kabisa na St. Petersburg mji aliozaliwa Putin. Urusi ikalalamika, ikasema itaimarisha jeshi upande ule, na vita ikabaki Ukraine. Kama shida ni NATO tu kusogea mlangoni, mbona kule hakukuwaka moto? Ukitaka jibu soma makala aliyoitoa Putin Julai 2021, anasema Warusi na Waukraine ni taifa moja. Wakati Desemba 1994 kule Budapest Urusi ilisaini kwamba itaheshimu mipaka ya Ukraine, na Ukraine ikakubali kuachana na silaha za nyuklia. Balozi Martin Kimani wa Kenya aliligusa hili vizuri pale Baraza la Usalama Februari 2022, kwamba na sisi mipaka tulichorewa na wakoloni, ndugu zetu wako ng'ambo, ila hatukuamua kuwafuata kwa vita. Mtu wa Namanga hahitaji darasa hilo.

Haya, sasa watu wenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Januari 1992, Sovieti ikiwa imeshavunjika, serikali ya Rais Boris Yeltsin iliachia bei zijipange zenyewe sokoni, na mwaka ule mfumuko wa bei ukapita asilimia 2,000. Akiba ya mtu aliyefanya kazi miaka thelathini ikayeyuka ndani ya miezi. Nje ya vituo vya metro Moscow wakawa wanasimama kina bibi mstari mrefu, meza hakuna, kila mmoja kashika kitu chake mkononi anakiuza, huyu jozi ya viatu, huyu sahani za nyumbani, huyu soksi alizofuma mwenyewe. Mishahara inachelewa miezi, viwandani wengine wanalipwa kwa bidhaa wakaziuze wenyewe, wanaume wanakunywa na kufa mapema hadi wastani wa umri wao wa kuishi kufika 1994 ukawa chini ya miaka 58. Oktoba 1993 Yeltsin akalipiga bunge kwa vifaru na Magharibi wakamuunga mkono. Makampuni ya mafuta yakaishia kwa matajiri wachache kwa bei ya kutupa, halafu Agosti 1998 rubli ikaporomoka na mabenki yakashindwa kuwalipa watu hela zao. Sasa mwambie yule bibi habari za demokrasia.

Putin akaingia 31 Desemba 1999, bei ya mafuta duniani ikapanda, pensheni zikaanza kuja kwa wakati. Ukawepo kama mkataba usioandikwa, nyinyi tuachieni siasa, sisi tutawaachia maisha yenu. Watu wakakubali na mimi siwalaumu, walikuwa wamechoka. Ila mkataba ule ulilipiwa, televisheni huru zikanyamazishwa, mwanasiasa wa upinzani Boris Nemtsov akapigwa risasi 2015 darajani karibu na Kremlin, mpinzani mwingine Alexei Navalny akafia gerezani Februari 2024, na tangu Machi 2022 ukisema kuhusu jeshi maneno wanayoyaita ya uongo unaweza kula miaka 15.

Ndio maana zile kura za maoni zinazosema Putin anaungwa mkono na asilimia 80 na zaidi mimi nazisoma taratibu. Wapo wanaompenda kweli, wengi tu, usije ukadhani kila Mrusi anadanganya kwa woga. Lakini Septemba 2022 alipoita wanaume 300,000 kwenda vitani, barabara ya kwenda Georgia pale mpakani Upper Lars ikajaa magari kilomita na kilomita, wengine wakavuka kwa baiskeli. Serikali ikajifunza, sasa inanunua askari, Julai 2024 Moscow ilikuwa inatoa rubli milioni 1.9 ukisaini tu, na kabla ya hapo Wagner, kundi la askari wa kukodiwa, walizoa wafungwa magerezani, mmojawapo mwanafunzi wa Kitanzania ambaye serikali yetu ilithibitisha kifo chake Januari 2023.

Halafu Januari 2024 kikatokea kitu ambacho huku hakikuongelewa. Boris Nadezhdin, mgombea aliyesema wazi vita isimame, alihitaji saini 100,000 ili aruhusiwe kugombea urais, na watu wakajipanga foleni barabarani, hadi Yakutsk kule Siberia kwenye baridi la kugandisha kope, unaandika jina lako kamili na namba ya pasipoti kwenye karatasi itakayokwenda moja kwa moja serikalini. Zikapelekwa saini zaidi ya 100,000. Tume ya uchaguzi ikasema zaidi ya 9,000 zina kasoro, ikamkata. Zile karatasi zenye majina walibaki nazo wao.