Saa kuukuu ya kuzamia inayotumia betri: tazama mashine kabla ya kasha

Wapenzi wengi wa saa wana kasumba: saa ya springi wanaihesabu kazi ya ufundi, ya betri wanaiona kitu cha kutumia na kutupa. Kwa saa za kuzamia za mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kasumba hiyo ndiyo inayoshusha bei, na hapo ndipo mnunuzi mjanja anapopata nafasi.

Chukua Seiko 7548, saa ya Kijapani ya kuzamia iliyopewa jina kwa namba ya mashine yake. Kasha ni la chuma cha pua, kifundo cha kutegea kinafungwa kwa skrubu, na usoni pameandikwa mita 150. Ndani mna mashine yenye mawe matano (vito vidogo vinavyopunguza msuguano wa gia), inayofunguka skrubu kwa skrubu ili isafishwe na kutiwa mafuta upya. Haifanani na zile za plastiki zilizobanwa kiwandani zisifunguke tena. Kipande cha kwatzi (jiwe la fuwele) ndani yake hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15, hadi ubaki mpigo mmoja. Ndiyo maana saa ya betri ikiwa nzima hupotea sekunde chache kwa mwezi, ilhali ya springi inaweza kupotea kiasi hicho kwa siku moja.

Upande wa pili ni mzito pia. Saketi ikifa, fundi hawezi kuichonga kama anavyochonga kijiti cha chuma. Dawa ni kununua saa nyingine mbovu ya mashine hiyo hiyo na kuitoa viungo. Kwa hiyo kabla ya kupenda uso, uliza namba ya mashine, na kama zipo nyingine za kuchinja. Mashine iliyotumika katika saa nyingi za kawaida ni salama kuliko ile adimu, hata kama adimu ndiyo inayosifiwa.

Saa ikiuzwa kwa maneno "inahitaji betri tu", usiamini. Mwombe muuzaji picha ya ndani. Ukungu wa kijani au unga mweupe kwenye vishikio vya betri maana yake betri ilivuja. Ukiwa kwenye vishikio peke yake, husafishika. Ukishakula njia za shaba za saketi, achana nayo. Kisha toa betri na upime koili (waya uliosokotwa unaoendesha gia) kwa mita ya umeme: koili nzima kwa kawaida husoma kilo-omu chache, na isiyosoma chochote imekatika. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na mara nyingi muuaji ni bisibisi iliyoteleza wakati wa kubadilisha betri.

Kosa jingine ni kulaumu betri kila mara saa inaposimama. Mafuta yakiganda, gia huwa nzito. Mashine nyingine hukwama, na zile zinazojiongezea nguvu ya mpigo humaliza betri kabla ya wakati. Dawa ni usafi. Betri yenyewe iwe ya oksidi ya fedha, volti 1.55; ile ya alkali voltaji yake hushuka polepole, nayo huvuja upesi zaidi.

Je, inazamika? Maandishi ya mita 150 yalihusu mipira mipya. Baada ya miaka 40, mpira wa mfuniko, wa kioo na wa kifundo umekauka au umelala. Badilisha yote mitatu, paka grisi ya silikoni kidogo sana, kisha saa ipimwe kwenye chombo cha shinikizo. Kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, hudai shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa: kwa mita 150 ni kama bari 18.75. Kasha lililoliwa na kutu pale mpira unapokalia halitapona kwa mpira mpya. Hiyo ivae nchi kavu.

Usishangae alama za usoni zisipowaka gizani. Kwa saa zilizopakwa tritiamu (kitu chenye mnururisho kinachofanya rangi iwake), nguvu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, hivyo miaka 37 inabakiza kama nusu ya robo, yaani moja ya nane. Kuzipaka upya kutarudisha mwanga, lakini wakusanyaji watailipia pungufu, na ukwanguaji wa rangi ya zamani humwaga vumbi lenye mnururisho.