Upinde kupinda sawa sio lazima uonekane duara

Nianze na kitu kitakachowaudhi baadhi ya wachonga pinde: hilo duara mnalolitafuta kwenye kila upinde, mara nyingi ndo linauua upinde wenyewe. Naona mtu kautundika upinde ukutani, kavuta kamba, kapiga picha, kachora nusu duara juu ya picha kwa simu, alafu anakwangua mbao mpaka ifuate ule mstari, na watu wanampongeza. Hajajiuliza mikono ya upinde wake (zile pande mbili zinazojikunja, juu na chini ya kishikio) ina umbo gani, hajakumbuka kama mbao ilianza imenyooka au ina kona zake, yeye na duara tu.

Kupinda sawa ni kwamba kila kipande cha mkono kinabeba mzigo kinaouweza, hakuna kipande kinachofanyishwa kazi ya jirani yake. Jicho linaona mkunjo lakini mbao inaumia kwa mkazo, na hivo ni vitu viwili. Chukua kipande kinene na kipande chembamba, vikunje kwa mkunjo uleule kabisa, kile kinene ndo kinaumia zaidi, kwa sababu nyuzi za juu ziko mbali na katikati ya mbao kwa hiyo zinavutika zaidi, na zile za upande wa pili zinabanwa zaidi. Ukishaelewa hapo hutamuuliza tena mtu "eti huu umepinda vizuri?" kabla hujamwambia unene na upana unavyokwenda.

Upinde wa piramidi, yaani ule mpana karibu na kishikio alafu upana unapungua kwa mstari mpaka ncha huku unene ukibaki karibu uleule, huo ndo wa duara. Unene ni mmoja, basi mkunjo uwe mmoja, hapo sina ugomvi na mtu. Lakini mikono yenye upana uleule kwa mwendo mrefu, ambayo unene ndo unaopungua kuelekea nje, hiyo inataka duaradufu: karibu na kishikio ijikunje kidogo mana pale ni panene, ikitoka kati kwenda nje ijikunje zaidi, na zile sentimita kumi na tano au ishirini za mwisho zibaki ngumu ngumu. Ukiilazimisha hii iwe duara utakuwa umekwangua mno karibu na kishikio, na pale ndo mahali pabaya kuliko pote kwa mbao kuchoka, kwa sababu ikilegea kwa pembe ndogo tu karibu na kishikio ncha inahama mbali sana, wakati uchovu uleule ukitokea karibu na ncha hata huuoni.

Na hii sio nadharia ya juzi. Pinde zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ni za mti wa yuu, zina upana mdogo lakini ni nene, na zinapinda mpaka katikati pale mpigaji anaposhika. Pinde za Holmegaard kule Denmark, za mti wa elmu, zenye miaka kama 9,000 hivi, zina mikono mipana na bapa na kishikio chembamba kisichopinda. Ukiweka duara moja juu ya zote mbili, moja lazima utaiharibu.

Sasa kuna hili la mbao yenye kona, na hapa nitakaa kidogo mana watu wengi wanapotea hapa. Mti haukuota ukikufikiria wewe. Kijiti kinaweza kuwa na bonde, mkono mmoja umerudi nyuma kidogo (kwenda mbali na mpigaji), mwingine umekuja mbele (kumwelekea mpigaji), pengine kuna wimbi dogo karibu na kifundo. Ukiuvuta upinde kama huo, sehemu iliyoanza imerudi nyuma itaonekana ngumu hata kama inafanya kazi yake kikamilifu, na ile iliyoanza imekuja mbele itaonekana imelegea hata kama haijasogea hata kidogo. Ninachofanya mimi ni kuuchora upinde ukiwa umelala, bila kamba, kwenye karatasi ndefu au kwenye ukuta wenyewe, alafu nikiuvuta nalinganisha kila sehemu imesogea kiasi gani kutoka pale ilipokuwa. Usawa unaupima kwenye mwendo. Matokeo yake upinde ukivutwa unaweza kuonekana kama nyoka na bado ukawa umesawazishwa kuliko ule wa duara wa jirani, na ndo maana sipendi mtu kuhukumu upinde wa kona kwa picha moja ya ukiwa umevutwa. Nipe na ile ya ukiwa umepumzika, tuongee.

Kwenye vifundo vile vile, pale nyuzi zinazunguka kifundo acha mbao zaidi kidogo, usikubali kidude chochote kikakwambia ukapasawazishe. Nakizungumzia kile kibao kifupi chenye tundu katikati na penseli, unakipitisha kwenye tumbo la upinde uliovalishwa kamba (tumbo ni upande unaokutazama wewe mpigaji), penseli inaandika pale palipo bapa, unakwangua palipoandikwa. Ni kitu kizuri sana kwa anayejifunza na sitaki kukisema vibaya, shida yake ni kwamba kinaamini dunia nzima ni duara, kwa hiyo kwenye upinde wa piramidi na mbao iliyonyooka kinasaidia kweli kweli, kwenye duaradufu unakitumia vipande vipande kwa akili, na kwenye mbao yenye kona weka kabatini.

Kukwangua kwenyewe kuna hesabu moja tu ya kukariri. Upana ukipunguza kwa asilimia 10, ugumu unapungua kwa asilimia 10. Unene ukipunguza kwa asilimia 10, ugumu unapungua kwa asilimia 27, kwa sababu ugumu unakwenda na unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Mkono wenye milimita 12, ukitoa milimita moja tu umeshapoteza karibu robo ya nguvu ya pale. Ndo maana ukikaribia mwisho randa na tupa zinawekwa pembeni, unabaki na kikwangulio, au kisu kilichoshikwa wima, hata kipande cha kioo kinafanya kazi nzuri tu, unatoa vumbi na maganda membamba. Na unatoa tumboni, sio mgongoni, yaani ule upande wa nje unaotazama shabaha. Mgongo ukishaufuata kwa pete moja ya ukuaji tangu mwanzo mpaka mwisho, muachane nao, ukikata nyuzi pale upinde utapasuka siku usiyoitegemea.

Ukiona mahali pamejikunja kwa kona kali, ile tunayoiita bawaba, acha kuvuta saa hiyo hiyo. Usiseme ngoja nivute kidogo nione vizuri. Paweke alama ya penseli kubwa na usipaguse tena mpaka kwingine kote kumeshuka kufikia hapo. Hapo ndo inauma mana unajua unapoteza paundi (ile nguvu ya kuuvuta upinde), lakini paundi zenyewe zilishapotea, wewe unasambaza hasara tu. Huwezi kurudisha mbao.

Hili la paundi ndo ugomvi wangu mwingine. Mtu anataka paundi 50 kamba ikivutwa inchi 28, basi tangu siku ya kwanza anavuta kwa kulenga inchi 28, mizani ionyeshe chochote itakachoonyesha. Fanya kinyume. Ukitaka paundi 50, vuta mpaka mizani iseme 50 hata kama ni inchi 14 tu, simama hapo, angalia, kwangua, rudia, ile inchi itaongezeka yenyewe kadri mbao inavyopungua. Kwa njia hiyo mbao haijawahi kubeba zaidi ya itakachobeba maisha yake yote. Na kila ukikwangua, vuta taratibu mara 20 au 30 bila kufika mwisho kabla hujahukumu, kwa sababu mbao haionyeshi mabadiliko papo hapo, ukikwangua mara mbili mfululizo bila kuizoesha utakuta umepitiliza. Kamba ndefu ya mwanzoni, ile iliyolegea unayoanzia kuvutia kabla upinde haujaweza kuvalishwa kamba yake, nayo itumie muda mfupi tu, inavuta ncha kwa pembe tofauti na kamba halisi kwa hiyo inadanganya umbo, ukiweza tu kuvalisha kamba fupi hata kwa umbali mdogo, valisha.

Shahidi ninayemwamini kuliko picha ni ule mpindo unaobaki ukitoa kamba. Mbao nyingi zinavumilia kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo kabla mgongo haujapasuka, tumbo ndo linaanza kuchoka, na uchovu huo unaonekana: unatoa kamba na mkono haurudi ulikokuwa. Uangalie hapo hapo, sekunde za mwanzo, mana ukiuacha utarudi kidogo na kukuficha siri. Mpindo ukiwa umesambaa mkono mzima, kidogo kidogo, upinde umesawazishwa, hata kama picha inasema vingine. Ukiwa umejikusanya mahali pamoja, pale ndo panafanyishwa kazi ya wengine, hata kama picha inaonyesha duara la kupendeza. Ukiendelea kupuuza yanakuja yale mistari membamba yanayokatiza tumbo, nyuzi zimeshakunjamana, na hapo hakuna dawa ya maana. Sentimita mbili na nusu mpaka tano za mpindo kwa upinde wa mbao tupu ni kawaida, sioni sababu ya mtu kulia. Ila kabla hujalaumu ukwanguaji wako, hakikisha mbao ilikauka. Unyevu wa asilimia 8 mpaka 10 ndo mahali pazuri, zaidi ya hapo upinde unabaki umepinda hata ukiusawazisha kama malaika, na ikikauka kupita kiasi inakuwa rahisi kukatika.

Mikono miwili ya upinde nayo haitakiwi kuwa pacha kabisa. Ukishika upinde, kiganja chako kinakaa chini kidogo ya pale mshale unapopita, kwa hiyo mkono wa chini unakula zaidi. Wachongaji wengi wanauacha wa chini uwe mgumu kidogo, unapima kutoka kamba mpaka mwanzo wa mkono, juu iwe imezidi chini kwa milimita 3 mpaka 6 hivi. Sio sheria, inategemea unavyoshika na unavyovuta, mwenye vidole viwili chini ya mshale na mwenye vitatu hawavuti sawa. Kitu muhimu ni kwamba pale ukutani uushike na uuvute pale pale utakaposhika na kuvuta ukipiga, mana ukiuegemeza katikati kabisa alafu ukapiga ukishika kwingine, ulisawazisha upinde wa mtu mwingine. Na uwe unaugeuza, wa kushoto uwe wa kulia, jicho lina upande wake linaoupendelea.

Mwishoni acha paundi mbili tatu za ziada. Msasa utazila, na kile kipindi cha mwanzo cha kupiga kitakula nyingine. Mimi afadhali upinde wa paundi 40 uliotulia kuliko wa 48 wenye bawaba inayojificha, na mshale nao ukitoka kwenye mikono isiyochoka hauulizi sana mizani ilisema nini. Ukishaupiga mishale mia hivi utundike tena ukutani kabla ya kupaka mafuta ya mwisho, kwa sababu mara nyingi mkono mmoja unalegea kidogo baadaye, na hapo kikwangulio kinarudi kazini kwenye ule mwingine.