Shairi Lisomwe kwa Sauti Kabla ya Kuhesabiwa

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Dar es Salaam wanaweza kukuambia kwamba shairi fulani ni tarbia (lenye mishororo minne kila ubeti), lina mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo, lina vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho, na hawajawahi kulitamka hata ubeti mmoja. Jambo hili linanisikitisha sana. Mizani ni kazi ya ulimi na sikio, nasi tumeigeuza hesabu ya penseli.

Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

*Mvua yaja usiku, mabati yote yalia,*
*Yaamsha hadi kuku, shuka najifunikia.*

Itamke polepole. Kila kipande kina mizani 8, ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) na utao (cha pili) sawia. Anayehesabu kwa macho huipa "mvua" mizani 2, lakini ulimi unajua ni m-vu-a. Hivyohivyo ya-a-m-sha. Halafu kuna "mbuzi" mwenye mizani 2, mbu-zi, na "mbu", pamoja na ufupi wake, naye ana 2, m-bu.

Sasa ondoa "yaja" uweke "inakuja". Maana ni ileile, ila mizani zimekuwa 10, na ukijaribu kuimba utajikwaa hapohapo. Malenga, yaani washairi stadi, wataliita guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Ndiyo maana washairi wakaruhusiwa inkisari na mazida, kufupisha neno au kulirefusha, ili pumzi isikatike.

Kuna kitu kingine ambacho penseli haikioni kabisa. Sikiliza sauti ya k: usiku, kuku, shuka, najifunikia. Inagonga kama matone juu ya bati. Kisha "yalia" inafunguka kwa irabu, na hapo mwimbaji anaweza kuvuta sauti apendavyo. Mtihani hauulizi hayo, ilhali ndiyo yanayomfanya mtu akumbuke ubeti miaka mingi baada ya shule.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyewahi kuwa Meya wa jiji hili, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na mara nyingi hutajwa kama mlinzi mkali wa vina na mizani. Husahaulika kwamba kwake utungo sharti uimbike. Hesabu zile ni njia ya kufika huko.

Miaka 20 baadaye mshairi Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake, Kichomi, bila kufuata vina na mizani za kimapokeo, na malumbano yakapamba moto. Mimi sina ugomvi na mashairi huru. Mtu aliyezoea mizani 8 akiivunja, unasikia mvunjiko wenyewe na unajua umekusudiwa. Asiyeisikia huikata sentensi ya kawaida vipandevipande, akaipanga wima, akaiita shairi. Huyo ndiye ninayemkataa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa fasihi ni hili: kipindi cha kwanza cha ushairi kiwe cha kuimba, darasa zima, kabla neno tarbia halijaandikwa ubaoni. Tusiogope kwamba vijana hawataweza. Wale wanaochana singeli kule Tandale na Manzese, kwa kasi ile, wanatambua mara moja neno lililozidi silabi moja, na wanalibadilisha papo hapo bila kusimamisha mdundo.