Posta kuna maandishi, Kariakoo kuna jina: kipi kinatunza historia ya Dar?

Kila jengo la zamani likivunjwa mjini hapa mjadala unarudi uleule, wapo wanaosema tuweke vibao barabarani vieleze hapa palitokea nini, na wapo wanaosema hiyo ni hela ya kupoteza, historia iko midomoni mwa watu na inatosha. Mi nimewahi kushika upande wa kwanza kwa nguvu zote, baadae nikahamia wa pili, na leo naona kila upande umeshika nusu tu ya jambo.

Tuanze Posta. Sanamu ya Askari ipo pale tangu 1927, mwanajeshi wa shaba kashika bunduki, singe inaelekea bandarini, na chini kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Haya, zunguka lile jiwe lote utafute jina la mtu, hamna hata moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na magonjwa na kuchoka, na maneno ya kuwakumbuka katunga Rudyard Kipling, mshairi wa Uingereza, sio ndugu zao. Na hata hayo maneno nani anayasoma, sanamu iko katikati ya mzunguko, magari kila upande, wengi wetu tunaitumia kuelekezana njia basi.

Halafu kabla ya huyo askari kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, mwisho wa safari ikafika Hamburg na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Ndo maana naelewa wanaoviogopa vibao. Anayeshika mji ndiye anayeandika.

Sasa nenda Kariakoo, hata kilomita tatu hazifiki. Hilo jina limetoka kwa wapagazi haohao, kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps na kambi yao ilikuwa eneo lile, watu wakalitamka kwa ulimi wao na likakaa. Hakuna aliyelilipia, hakuna aliyelizindua, na konda analiita kutwa nzima, miaka zaidi ya mia sasa! Hapo upande wa pili unapata nguvu kweli. Ila muulize kijana anayeuza viatu pale mtaa wa Kongo hilo jina limetoka wapi, wengi watakwambia Kariakoo ni soko. Jina limebaki, watu waliolizaa wamepotea humohumo ndani yake.

Na sio Kariakoo tu. Urafiki ni kiwanda cha nguo tulichojengewa kwa msaada wa China miaka ya sitini, leo kwa wengi ni kituo cha mabasi ya mwendokasi. Biafra pale Kinondoni ni jina la jimbo lililojitenga na Nigeria, Tanzania ikalitambua Aprili 1968 wakati nchi nyingi zinakaa kimya, yaani msimamo mzito kabisa wa nchi yetu umebaki jina la uwanja. Mtoni Kwa Aziz Ali watu wanashuka kila siku bila kujua kwamba huyo mzee ndo baba yake Dossa Aziz, mmoja wa waliohangaika na TANU, chama kilichopigania uhuru, mwanzoni kabisa.

Hoja ya gharama siipi uzito sana, kibao cha zege hakili bajeti, na wezi wa chuma chakavu hawana cha kuchukua. Hoja ya kweli ni kwamba kibao kinafunga mdomo. Wazee wawili wa mtaa wa Gerezani wanaweza kukusimulia jambo moja kwa namna mbili na wote wana lao, kikishaandikwa kimoja basi cha mwenzake kinaonekana uongo. Hili linanisumbua na sina dawa yake kamili.

Lakini nikipima, kinachonivuta ni kasi ya misiba. Mzee anazikwa Kisutu anaondoka na mtaa mzima kichwani, huwezi kumrudisha umuulize. Nyumba ya Mwalimu Magomeni imepona kwa sababu iligeuzwa makumbusho, za majirani zake nani atazijua? Kwa hiyo mi naunga mkono vibao, ila visiwekwe katikati ya mzunguko, viwekwe vituoni ambako mtu amesimama nusu saa anasubiri gari na hana la kufanya, kwa Kiswahili cha kawaida, na pale simulizi zinapogongana ziandikwe zote mbili, wazee wa mtaa wapitie kwanza kabla fundi hajachanganya zege. Ningeanzia Msimbazi, kituo cha mwendokasi, maneno machache tu: hapa walilala wapagazi, mtaa huu umebeba jina la kikosi chao, kama babu yako alikuwa mmojawao tuletee jina lake tuliandike hapa chini. Na chini yake paachwe nafasi kubwa.