Mbele mlilana, mkoko nyuma

Mhariri, nimesoma habari yenu ya vijana wanaopanda mikoko ili bahari isizidi kula ufuo huku kwetu Lamu. Kazi njema, Mungu awalipe. Lakini ile picha imenitia wasiwasi: miche ya mkoko imechomekwa mbele kabisa, kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi. Wazee wetu wakata boriti za mikoko wanajua kuwa, katika jamii yote ya miti tunayoiita mikoko, mti wa mbele baharini ni mlilana. Mkoko wenyewe wataka tope, tena nyuma ya mlilana. Sisi tulikosea hivyo hivyo mwaka juzi. Bamvua (maji makuu ya bahari) la kwanza liling'oa miche, la pili likaizoa, na michache iliyosalia ikashikwa na magamba ya baharini shina zima mpaka ikainama.

Jambo jingine ni matuta ya mchanga ya Shela, hapa kisiwani Lamu; katika habari yenu sikuona hata neno juu yake. Mvua huzama katika mchanga ule ikawa maji matamu ya visima vya mji. Anayebeba mchanga wa kujengea anabeba maji yetu. Na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu! Tafadhalini vijana, kabla upepo wa kusi haujaanza, wafuateni wazee wawaonyeshe mlilana unapoota wenyewe.