Noti ya Plastiki Haigandi Usoni

Kwa kuwa shoga yangu ameshaisambaza video kwa nusu ya watu wa Tanga walioko London, naona afadhali niwasimulie mwenyewe yaliyonipata juzi katika jumba la maonyesho la Hackney Empire, kabla hamjaambiwa kwamba nilikuwa nimelewa.

Jumba lile lilisanifiwa na Frank Matcham, likafunguliwa mwaka 1901, na Charlie Chaplin aliwahi kutumbuiza humo. Kuanzia 1963 likageuzwa ukumbi wa bingo, hadi lilipofufuliwa mwaka 1986 kwa maonyesho ya mchanganyiko, ambapo wachekeshaji, waimbaji na wanamazingaombwe hupokezana jukwaa usiku mmoja. Mtu aliyelelewa na taarabu akiyaona yale mapambo ya dhahabu, hujihisi yuko harusini kwao, na hapo ndipo nilipoponzeka.

Bwana mmoja mwenye koti refu aliimba wimbo wa zamani wa kumsema jirani anayechungulia mambo ya watu. Nami ninaye jirani kule nyumbani. (Msiniulize jina, anajijua.) Ubeti wa pili uliponigusa, nilijifunga kanga kiunoni, nikachomoa noti ya pauni tano, nikateremka nikicheza mdogo mdogo, noti juu, nikipiga vigelegele peke yangu mbele ya mamia ya watu walionyamaza kimya.

Nilipopanda jukwaani, mwimbaji alikatiza wimbo. Nikambandika noti kwenye paji la uso. Ndugu zangu, noti za Uingereza siku hizi ni za plastiki: iliteleza taratibu, ikapita puani, ikatua juu ya kiatu chake. Niliinama, nikaiokota, nikaipangusa kwa kanga, nikaibandika tena, safari hii nikiikandamiza kwa kidole gumba kama mtu anayebandika stempu. Ikateleza. Mara ya tatu niliishikilia kwa kiganja kizima, yeye amenikodolea macho, nami siwezi kuuondoa mkono wala kuuacha, tumesimama kama muuguzi na mgonjwa wa homa, huku ukumbi ukivunjika mbavu kwa kudhani kwamba tulifanya mazoezi wiki nzima.

Mhudumu alinirudisha kitini kwa adabu, nikashangiliwa kuliko mwanamazingaombwe aliyefuata, na noti ikabaki kwa bwana yule.

Jirani naye ameshaiona video. Jana alimtumia mama yangu shilingi elfu moja kwa simu, akamwomba anifikishie, kwamba ni tuzo yangu.